Nilivyoleta Gugumaji Kwenye Bwawa la Kwa Mulela

Nyinyi vijana mliochukuliwa juzi kuangalia mabwawa, nimeziona picha zenu kwa simu ya mjukuu wangu. Gambuti mpya, reki mpya, kidole gumba juu, na nyuma yenu bwawa limejaa majani utadhani ni shamba la sukuma wiki. Picha ni nzuri, sikatai. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa na tope. Mtu asiye na tope kwa kazi hii ni mgeni wa heshima, na mimi nimewakaribisha wageni wa heshima wengi sana, kwa hivyo nawajua nikiwaona.

Watu huniita Mama Mwende. Nilikuwa mwangalizi wa bwawa la Kwa Mulela, kati ya Kabati na Tulia, mpaka magoti yakakataa. Ni bwawa la umma. Watu wanachota, mifugo inakunywa, na mwenye ndoano anavua tilapia na kambare bila kuulizwa ni mtoto wa nani. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupigana na gugumaji. Niliifanya vizuri, na hilo nalisema bila haya, kwa sababu linalofuata nalisema kwa haya nyingi: gugumaji lenyewe nililileta mimi.

Msicheke bado. Nafasi ya kucheka itakuja.

Tulikuwa tumetoka na akina mama wa kanisa kuwatembelea wenzetu wa Makueni, na tulipofika Kiboko tukashuka tule. Nyuma ya hoteli kulikuwa na kidimbwi cha mapambo. Juu ya maji kumelala majani ya kijani yanayong'aa, yamevimba shingoni kama maandazi, na katikati maua ya zambarau. Sasa, jua la Kiboko mnalijua. Linakausha shati kabla hujamaliza kulikamua. Na bado kidimbwi kile kilikuwa kimejaa pomoni. Nikamwuliza mtunza bustani, "Haya maji mnaongeza mara ngapi?" Akaniambia, "Mimi sijui, mama, nimeandikwa kazi juzi." Mtu mwenye akili timamu angeuliza mwingine. Mimi nilisikia nilichotaka kusikia, kwamba maji yale hayaongezwi kabisa.

Mniwie radhi, lakini mtu aliyelelewa Kitui akiona maji yamefunikwa, akili yake inaenda mahali pamoja tu: kivuli. Sisi tunafunika mtungi, tunafunika tangi, tunafunika hata lile shimo la mchangani tunalochota mtoni wakati wa kiangazi. Kila mwaka nilikuwa nasimama ukingoni naliangalia jua likilinywa bwawa letu, shubiri kwa shubiri, na sina la kufanya. Nikasema basi, bwawa litavaa kofia. Nikatoa chapati zilizobaki kwa bakuli langu, nikaweka miche mitatu, nikafunga kifuniko. Njia yote ya kurudi niliimba nyimbo za shukrani kwa sauti kuliko kiongozi wa kwaya.

Niliitia majini upande wa mashariki, penye matete, mahali watu hawapiti. Sikumwambia mtu. Na msidhani nilificha kwa sababu nilijua ni kosa. Nilificha kwa sababu nilitaka ikifaulu ndipo niseme, niitwe mbele ya baraza, nipigiwe makofi. Kiburi tu.

Mwanzoni ilikuwa raha. Maua yalitoka, maharusi wakaanza kuja kupiga picha. Mwenyekiti wa kamati ya bwawa, Bwana Mutisya, mwalimu mstaafu ambaye hata akiomba chumvi anaomba kama anayesoma taarifa, alisimama ukingoni akatangaza kwamba maua hayo ni dalili ya baraka. Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Misimu miwili ya mvua ikapita, majani yakafunika bwawa lote, na maji hatukuyaona tena. Ng'ombe wa Mutisya mwenyewe aliona kijani akadhani ni malisho, akatembea kwa madaha mpaka ndani, akazama hadi masikio. Tulimtoa kwa kamba watu kumi na mmoja, na Mutisya akawa hasemi tena habari za baraka.

Wavuvi ndio walioumia kwanza. Unatupa ndoano, inakaa juu ya majani, samaki wako chini wanahema kwa kukosa hewa. Na mkumbuke wavuvi wenyewe walikuwa wachache, kwa sababu sisi Wakamba wa zamani na samaki hatukuwa marafiki. Baba yangu mpaka anakufa aliamini kambare ni nyoka aliyeokoka. Ilikuwa imetuchukua muda kuwafundisha watu kula samaki, na walipoanza kuwapenda, mimi nikawafunikia bwawa.

Siku moja akaja afisa wa samaki kutoka mjini, kijana mpole, akazunguka ukingo wote na kalamu sikioni. Akatuambia majani haya hayazuii jua kunywa maji. Yanakunywa yenyewe, kupitia majani, kuliko jua. Halafu akauliza, "Nani aliyeyaleta hapa?" Watu wakatazamana. Mimi nikatazama viatu vyake, vilikuwa na kamba za rangi ya kahawia.

Hapo ndipo vita vilipoanza, na ninawaambia makosa yetu ili msiyarudie, mtafute yenu. Kwanza tuliingia na mapanga. Tulikata siku tatu, tukarudi nyumbani tukijisifu, kumbe kila kipande kilichokatwa kinaota kivyake. Tulikuwa tumepanda. Kisha tukajifunza kung'oa na mizizi, vizuri, tukarundika upande wa juu wa bwawa kwa sababu palikuwa na nafasi. Ikanyesha mvua ya usiku mmoja, rundo lote likateremka likarudi nyumbani kwake. Kisha mtu akasema tuwape mbuzi. Mbuzi wa Ukambani anakula katoni, anakula mfuko wa simiti, lakini ile kitu alinusa akaniangalia kana kwamba nimemtusi. Waliokula waliharisha wiki nzima, na wenye mbuzi wakaniletea habari hizo mlangoni asubuhi na mapema, kila mmoja kwa mapana na marefu.

Aliyetuokoa ni Mzee Kilonzo. Alikuwa amefanya kazi ya kuchimba mabwawa ujana wake wote, na maneno aliyatoa kama mtu anayechota maji kwa kijiko. Alikuja akakaa juu ya jiwe siku nzima akituangalia tukihangaika. Jioni nikamwendea kwa hasira, nikamwuliza kama amekuja kutazama sinema.

"Mwiitu," akaniambia, maana aliniita binti ingawa nilikuwa na wajukuu, "mnavuta hiyo kitu dhidi ya upepo."

Basi. Hilo ndilo jambo kubwa ninalowaachia kuhusu kazi hii. Gugumaji halina miguu, upepo ndio unaolitembeza. Kwetu alasiri upepo unasukuma zulia zima upande mmoja, asubuhi linaachia na kutawanyika. Kwa hivyo usiingie majini asubuhi kwa bidii zako. Kaa, kunywa chai, subiri. Upepo ukishalikusanya kwenye kona, zungusha kamba ndefu iliyofungwa mitungi mitupu ya plastiki ili ielee, ulifungie hapo kama kondoo zizini. Halafu watu wavute taratibu kutoka ukingoni, reki chini ya mizizi, si juu ya majani. Rundika upande wa chini wa bwawa, mbali, penye jua. Likikauka kabisa linafaa kutandazwa kwenye miembe na mipapai kuzuia unyevu usitoke. Na ng'oa kabla halijachanua, kwa sababu mbegu zikishazama kwenye tope zinalala miaka na miaka zikikungojea ustaafu. Na osha gambuti, wavu na mtumbwi kabla ya kwenda bwawa lingine. Afisa atawaambia haya yote kwa maneno magumu zaidi, lakini ni haya haya.

Nguvu tulipata kwa mwethya. Nyinyi wa mjini mnaita kazi ya jamii na mnavaa fulana za kufanana. Mwethya hauna fulana. Kila nyumba inatoa mtu, na usipotokea unaleta jogoo anapikiwa waliotokea. Mutisya alikosa mara mbili kwa sababu za mkutano, akaleta jogoo wawili, na mara ya tatu mke wake ndiye aliyemsukuma nje ya mlango.

Sasa nije kwenye lililonikosesha usingizi.

Kulikuwa na Mzee Hassan, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka upande wa Garissa. Alipita kwetu na mifugo yake akielekea sokoni, na kunywesha Kwa Mulela alianza tangu akitembea na baba yake. Mtu mtaratibu, salamu yake inachukua muda, anauliza mpaka habari za mbuzi waliougua. Siku moja kwenye kikao cha kamati, Mutisya akasimama akasema, "Tumechunguza chanzo cha gugu hili. Ng'ombe hawa wanatoka mbali. Kwato zao zimebeba mbegu." Ushahidi wake ulikuwa kwamba hapakuwa na mtu mwingine wa kulaumu ambaye si jamaa yetu. Kila kichwa kikatikisika kukubali. Na changu pia kikatikisika. Nimekieleza kichwa changu mambo mengi maishani, lakini siku ile hakikunisikia.

Wakapitisha kwamba ng'ombe wa Hassan wasikanyage ukingo mpaka wameoshwa kwato, kila mmoja, kwa brashi. Na msimamizi wa kuosha awe nani? Mwangalizi wa bwawa. Mimi.

Hapa ndipo mnaweza kucheka, kwa sababu hata mimi nikikumbuka nacheka kabla sijaumia. Ili kuosha kwato unahitaji maji, na maji yako bwawani. Basi wachungaji wa Hassan wanachota bwawani kwa ndoo, wanaosha ng'ombe mita mia kutoka bwawani, ili ng'ombe aende bwawani. Ng'ombe naye hajawahi kuoshwa mguu tangu azaliwe. Anapiga teke, ndoo inaruka, mchungaji anafukuza ndoo, ng'ombe anafukuza mchungaji. Na mimi nimesimama pale na daftari, kofia kichwani, natia alama: huyu miguu yote minne, huyu mitatu, rudieni. Kulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu aliyekuwa ananitazama usoni wakati wote anaposuguliwa, na kila mara mimi ndiye niliyegeuka kwanza.

Hassan hakulalamika hata siku moja. Alikuwa ananiambia, "Mama Mwende, angalia vizuri tafadhali. Mimi sitaki kuharibu maji ya watu." Nikawa namwandalia chai. Nilikuwa namjazia sukari mpaka kijiko kinasimama, na yeye anakunywa kwa adabu tu.

Niliogopa nini? Nawaambia wazi. Niliogopa kicheko. Mama Mwende, mwenye funguo za bwawa, anayewafokea watu kwa kufua ukingoni, kumbe ndiye aliyelileta, tena kwenye chombo cha chapati. Kitui habari kama hiyo haizeeki. Wajukuu wangu wangeitwa wajukuu wa gugumaji.

Kilonzo alikuwa ameshajua. Tukivuta kamba alasiri moja, akaniambia bila kunitazama, "Mizizi mizee kuliko yote iko mashariki kule kwa matete. Ng'ombe wa Hassan wanakunywa magharibi." Nikasema labda upepo. Akasema, "Labda." Akaendelea kuvuta. Afadhali angenitukana.

Kikaja kiangazi kile kibaya. Maji yalishuka, hasira za watu zikapanda, na kamati ikaamua Hassan asinyweshe tena kabisa. Tangu siku hiyo mpaka mvua, ng'ombe wake wasionekane Kwa Mulela. Kikao cha kulipitisha kilifanywa darasa la nasari, kwa sababu ndilo lililokuwa wazi, na sisi watu wazima tukajikunja kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Hassan aliitwa asikie, akasimama mlangoni kwa sababu hakukuwa na kiti cha kumtosha. Nje ng'ombe wake walikuwa wanalia. Ng'ombe mwenye kiu halii kama ng'ombe mwenye njaa, waulizeni wafugaji. Na mwandishi wa kamati nilikuwa mimi, kwa hivyo barua ya kumfukuza ningeiandika mimi, kwa mkono wangu.

Mutisya akaanza kunisomea maneno. "Kwa kuzingatia kwamba mifugo ya Mzee Hassan ndiyo iliyoleta..." Nikaandika mpaka neno "mifugo," kalamu ikakataa. Nikasimama. Kiti nacho kikasimama na mimi, kimenibana kiunoni, na sikuwa na mkono wa kukitoa maana mmoja ulikuwa na daftari na mwingine ulikuwa na kalamu.

Nikasema, "Futeni hiyo. Gugumaji nililileta mimi. Nililitoa Kiboko nikalitia upande wa mashariki ili lizuie jua. Ng'ombe wa Mzee Hassan hawajaleta chochote, na mimi nimejua hivyo tangu siku ya kwanza."

Mutisya akaangalia karatasi yake, akaangalia kiti kilichoning'inia nyuma yangu, akasema, "Mama Mwende, hilo liko kwenye ajenda?"

Nikamwambia haliko.

Nilingoja kicheko. Badala yake shemasi wa kanisa letu, mama mmoja mzito wa maneno, akainuka pole pole kutoka pembeni. Akasema, "Kwa vile tunasema... ile siku ya mwethya mimi nilibeba kidogo nikaweka kwa silanga ya nyumbani. Ilikuwa inakauka, na yule afisa sikumwamini." Silanga ni kibwawa cha kuchimba cha kukinga mvua, karibu kila boma kwetu linacho. Mwalimu wa kwaya akasema na yeye pia, mfuko mmoja tu. Mwingine akasema wa kwake ni nusu mfuko, na hata si mkubwa. Mtu akija kutung'olea, jioni anarudi nyumbani na kivuli cha silanga yake. Tulikuwa tunalisafisha bwawa mchana na kulisambaza Tulia nzima jioni, kila mmoja peke yake, kila mmoja akidhani ndiye mwerevu. Mwisho Mutisya akajikohoza, akakunja karatasi yake mara nne. "Hata mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza hakusema kama anayesoma. "Kidogo tu. Mke wangu alipenda maua."

Hapo ndipo darasa lilipopasuka. Tulicheka mpaka machozi, shemasi akaanguka na kiti chake, na mtu mmoja akanivuta mimi na mwingine akavuta kiti mpaka tukaachana. Ikaamuliwa palepale kwamba mwethya utazunguka kila silanga, nyumba kwa nyumba, kuanzia kwa mwenyekiti, na jogoo wake wa tatu achinjwe. Tulifanya hivyo, na silanga zote zikasafishwa kabla ya mvua.

Lakini siku ile, tukiwa bado tunapangusa machozi, nikageuka mlangoni. Hassan hakuwa anacheka.

Alingoja mpaka tunyamaze. Halafu akazungumza na mimi peke yangu, kwa sauti ile ile anayoulizia habari za mbuzi. "Mama Mwende, mimi nilirudi mpaka kwetu nikauliza wazee kama hii kitu iko huko. Nikaangalia kila mto tunapita. Kule njiani kuna bwawa zingine mbili za watu, nimeacha kunywesha huko mwaka mzima, nisije nikawaharibia pia. Ng'ombe wanatembea siku mbili bila maji." Akageuka akawatazama ng'ombe wake nje. "Mimi nilikuwa nimeamini ni mimi."

Vijana, nimeng'atwa na nge, nimezama matopeni mpaka kifuani, na nimemzika mume. Sijawahi kusikia neno lililonikata hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Sikuwa nimejiandaa kwamba mtu mwema angebeba kosa langu kwa uaminifu kuliko nilivyolibeba mimi. Nikamwambia, "Nisamehe, Mzee Hassan." Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Aliuliza kama anaweza kuwaleta ng'ombe sasa hivi, kwa vile hawana nguvu ya kungoja kesho.

Nilitoka mbio, na magoti haya haya. Maji yalikuwa yamebaki katikati na upepo wa alasiri ulikuwa umelisukuma zulia zima upande wa kunyweshea. Hakukuwa na muda wa kamba wala mitungi. Niliingia na nguo zangu za kikao mpaka kiunoni, nikalisukuma gugumaji kwa mikono na kifua ili waone maji. Ng'ombe wakaja na kwato zao chafu, wakapita pembeni yangu, wakanywa. Kila nilipofungua nafasi upepo uliirudisha, nami nikaifungua tena. Kilonzo na shemasi wakaingia upande wa pili. Sijui ilichukua muda gani.

Alipomaliza kunywa yule wa mwisho, Hassan alikuwa amesimama ukingoni na shuka yake mkononi, ameikunjua.

"Wamekunywa wote," akasema. "Toka kwa maji sasa, Mama Mwende. Utashikwa na baridi."